Ndege Isiyobeba Kitu

Mume wangu ana ndege. Nikisema hivyo mbele ya watu wasiotujua, hutazama kwanza viatu vyangu, kisha mkoba wangu, kisha hunyamaza kwa adabu. Ndiyo maana nimezoea kueleza upesi kabla hawajaniita mwongo moyoni. Ni ndege ndogo ya viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, haina mlango wala paa. Ina magurudumu matatu, injini moja mgongoni inayozungusha pangaboi, na juu yake bawa la kitambaa lililotandazwa kwenye mabomba membamba ya aluminiamu. Kitambaa hicho hakuna anayekijua kuliko mimi hapa Kindu. Mimi ni mshonaji, na kila kilipochanika nilikishona, kwa uzi ulioagizwa mbali kwa sababu huu wetu wa sokoni jua linaula. Ukimwona mume wangu asubuhi akipita juu ya mto Lualaba, jua kwamba ananing'inia kwenye mishono ya mkewe.

Swali la kwanza la watu huwa lile lile: inabeba nini? Siwalaumu. Katika mkoa wetu ndege ni mzigo. Barabara zetu kila mtu anazijua, treni inakuja inapotaka, basi ndege ndiyo inayoleta sabuni, dawa na mabati, na kuondoka na mawe ya madini ya Kalima. Wachuuzi wa mawe hayo wameshafika kwetu mara nyingi, wakakaa barazani, wakanywa chai, wakamwuliza zinaingia kilo ngapi. Mume wangu huwajibu kwa upole kwamba inambeba yeye, na mtu mwingine mmoja akiwa mwembamba. Wanacheka, wanangoja aseme ukweli, kisha wanaaga wakiamini anawaficha biashara. Mzee mmoja alimwuliza, kama haibebi kitu, huwa inakwenda wapi? Akamjibu kwamba inakwenda juu, inatazama, inarudi. Yule mzee aligeuka akanitazama mimi, akanipa pole kama aliyefika kwenye msiba.

Sitaficha, kuna miaka ambayo na mimi nilijipa pole.

Mapenzi yake na ndege yalianza wakati mbaya. Alikuwa fundi wa reli, kwenye karakana ya treni, na vita vilipotufikia treni zilikoma. Mji ulizingirwa. Wenye bunduki wa mjini walikuwa hawa, wenye bunduki wa msituni walikuwa wale, na sisi tulikuwa katikati tukila sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Mashamba yetu yalikuwa karibu tu, mwendo wa asubuhi moja, na hakuna aliyethubutu kuyaendea. Kilichoingia Kindu kiliingia kwa ndege ndogo. Mume wangu, mtu aliyekuwa akifungua injini ya treni na kuifunga tena, akaenda kiwanjani kupakua magunia.

Mimi ndege nilizichukia. Nikisikia mlio naingia chini ya kitanda na watoto, navuta na masufuria, kwa sababu tuliambiana kwamba kinachong'aa huonekana kutoka juu. Nguo nyeupe tulizianika ndani. Yeye alisimama uani, mikono kiunoni, uso juu. Tuligombana sana kwa jambo hilo. Nilimwambia kama anataka kufa afie huko kazini, asinifie uani kwangu. Akanijibu kutoka nje, mimi nikiwa chini ya kitanda, kwamba ile ni ndege ya chumvi, ina injini mbili, na ya kushoto inakohoa. Jioni akarudi na habari kwamba rubani amekubali, ya kushoto ilikuwa inakohoa kweli, na amemruhusu ashike taa wakati wakiitazama. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nilibaki na hasira yangu, nikampikia.

Alijifunza kwa macho. Hakuna shule aliyokwenda. Alijua ndege kwa mlio kama mama anavyojua kikohozi cha watoto wake, na marubani wakazoea kumwita kila palipokuwa na bolti iliyogoma. Walimpa kijiko cha chumvi juu ya posho yake. Chumvi ile tuliilamba kwa ncha ya kidole, na hapo nilikuwa simgombezi.

Amani iliporudi, alikuja mzungu mmoja kupiga picha misitu ya upande wa Lubutu kutoka juu, na ndege hii ililetwa naye ndani ya sanduku la mbao. Alihitaji fundi. Kiwanjani kila mtu alimwonyesha mume wangu. Walifanya kazi pamoja miaka kadhaa, mmoja akirusha, mwingine akitengeneza, halafu mzungu akaanza kumfundisha kurusha, wakikaa mmoja nyuma ya mwingine. Asubuhi moja mzungu alishuka, akafunga mkanda wa kiti chake kitupu, akamwambia aende peke yake. Mume wangu aliruka, akazunguka mji, akatua. Alifika nyumbani, akanawa uso, akakaa. Kazi ya picha ilipokwisha, lile sanduku la kuirudishia ndege kwao lilikuwa limeliwa na mchwa. Mzungu alicheka, akaandika karatasi, ndege ikawa yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia mume wangu, polepole na bila kumwambia. Nilidhani kuruka ni ujuvi, kumbe ni subira. Huamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, na haruki mpaka uondoke. Haruki tena jua likipanda, kwa sababu hewa iliyopata moto hupiga mateke. Esansi, yaani petroli, ya chupa za barabarani huichuja mara mbili kwa ngozi laini, maana wauzaji wetu, Mungu awasamehe, hawaoni vibaya kuongeza maji. Hugusa kila bolti kwa kidole, na anaziita kwa mpangilio ule ule, akisema peke yake. Huenda kuwaarifu watu wa kiwanja kwamba anapanda, kila siku, hata wakimwona amekuja tu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Baada ya hayo yote huruka nusu saa. Nusu saa tu, akarudi uso umekunjuka, akaniambia mchanga wa mto umehamia wapi, moshi wa majiko ya Alunguli, ng'ambo ya mto, unalala upande gani. Katika nchi ambayo kila mtu anakimbizana na tumbo lake, mimi nina mume anayepanda mbinguni kutazama moshi. Nilimpenda kwa hilo. Lakini niliapa sitapanda, na kila mtu alijua nimeapa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hiyo nusu saa haikulitosheleza. Mama yake.

Mama mkwe wangu anaishi kijijini karibu na Lokandu, huko mto unakoteremkia. Wakati wa vita tulitenganishwa naye. Sisi tulikuwa upande mmoja wa bunduki, yeye upande mwingine, na baba mkwe alipofariki habari ilitufikia matanga yameshaondolewa. Siku moja ya vita hivyo ndege ilipita juu ya kijiji chao, na siku iliyofuata walizika majirani. Mama hakusimulia kamwe. Sisi tuliona matokeo tu. Tangu hapo hakutazama juu. Mvua ikikaribia, aliijua kwa majani ya migomba. Mtoto akimwonyesha mwezi, alimtazama mtoto. Na mlio wowote wa angani, hata wa ndege kubwa zinazopita mbali sana kama sindano, ulimwingiza ndani, akalala sakafuni uso chini.

Mume wangu alikuwa anampelekea sabuni na chumvi kwa boti, anakaa naye siku mbili, anarudi. Aliniambia neno moja, na nalikumbuka kwa sababu yeye si mtu wa kuomba:

"Nataka mama aangalie juu. Mara moja tu, bila woga, mbele hajakufa."

Kwa ndege Lokandu ni chini ya saa moja, ukifuata mto. Aliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, tukapanga kwa heshima zote. Tulimwona mama mmoja mfanyabiashara anayeshuka na boti kila juma, tukampa ujumbe ampelekee mkuu wa kijiji, na mkuu amwagize mpiga mbiu azunguke nyumba kwa nyumba. Maneno tuliyatunga wenyewe, tena mimi ndiye niliyeyanyoosha. Tuliwaambia kwamba Jumamosi asubuhi ndege ndogo itapita, wasiogope, kila mtu abaki kwake. Niliona ni ujumbe mzuri, wa watu waliofunzwa adabu.

Jumamosi alikwenda. Alirudi na uso wa mtu aliyepotea njia. Alikuta kijiji kizima, majiko yanatoa moshi, kuku wanatembea, nguo ziko kwenye kamba, na hakuna mtu hata mmoja. Alizunguka mara tatu. Tulikaa tukibahatisha kama kulikuwa na kilio kijiji cha jirani, au siku ya soko imebadilishwa. Siku nne baadaye yule mfanyabiashara alirudi na boti, akatuambia. Mpiga mbiu alipomaliza tu kuzunguka, watu walifunga mafurushi. Kabla ya mapambazuko ya Jumamosi wote walikuwa msituni. Mama mkwe, kwa umri wake, alikimbia pamoja nao, akaanguka kwenye mizizi, akaumia goti, akanyeshewa tangu mchana mpaka jioni.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikwenda kiwanjani, akafungua buji za injini, zile zinazotoa cheche, akaziweka kwenye kopo la maziwa, akalifunga kopo, akaniletea niweke kabatini. Aliniambia kwamba amekuwa kama wale wa ndege za vita. Hakuruka wiki hiyo wala mwezi uliofuata. Aliendelea kwenda kufuta vumbi, maana chombo hakina kosa, lakini alirudi upesi. Asubuhi niliamka nikamkuta amekaa uani, anatazama chini. Na mimi niliyemgombeza miaka yote kwa kutazama juu, roho iliniuma kuliko kitu chochote alichowahi kunifanyia.

Nikapanda boti peke yangu. Nilimkuta mama amenyoosha mguu kwenye mkeka, anachambua maharage. Nilimkanda goti kwa maji ya moto. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, lakini hasira hakuwa nayo. Aliniuliza tu ni nani aliyetuma mpiga mbiu na maneno yale. Nikasema ni mimi, mama. Akaacha maharage.

"Wakati ule njo walikuwa wanasema vile," akaniambia. "Musiogope, kila mutu abaki kwake. Ukibaki, njo wanakukuta."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumewatupia nyoka mzima, tena kwa adabu. Kindu hatukuambiwa maneno hayo, sisi wenye bunduki walitukuta ndani bila kututangazia. Kwa hiyo nilipoyachagua niliyachagua kama mtu anayechukua sufuria bila kujua kwamba ilimwunguza jirani. Nilimwomba msamaha. Akanigonga mkono kidogo, akaendelea na maharage yake. Baadaye nilimwuliza polepole, je, ingekuwaje ili ndege ipite na yeye asikimbie. Nilidhani atasema haiwezekani. Akatupa punje mbovu pembeni.

"Mimi sijaona hata siku moja ndege iko na mwanamuke ndani."

Ndivyo alivyosema, bila kukusudia kitu. Lakini mimi nilisikia hukumu yangu. Njia yote ya kurudi, boti ikipanda mto kwa kujikokota, nilihesabu kichwani mishono ya lile bawa. Nilifika nyumbani, nikafungua kabati, nikampa mume wangu kopo la maziwa. Nikamwambia akazirudishe buji zake, tunakwenda wawili. Akaniuliza kama nina homa.

Safari hii hatukutuma ujumbe kwa mtu. Nilivaa kitenge changu cha rangi ya machungwa, kinachoonekana hata na kipofu, na kitambaa cha kichwa cha namna ile ile. Mume wangu alikata mpira wa ndani wa baiskeli vipande, akanifunga kitenge vifundoni, magotini na kiunoni, kwa sababu pangaboi liko nyuma ya kiti na likipata ncha ya nguo halisamehi. Nilikuwa nimefungwa kama mkate wa kikwanga ndani ya majani yake sokoni. Nilitaka kubeba pakiti mbili za chumvi za mama, akakataa. Nilisema basi moja. Akanitazama mwili, kwa heshima, akasema ndege imeshapata mzigo wake. Ningekuwa sijafungwa vile ningempiga.

Tulipoondoka ardhini nilifumba macho na kusoma dua zote ninazozijua, na nyingine nusu. Nilipoyafungua, sikutazama chini. Nilitazama bawa, maana hilo ndilo nililolijua. Mishono yangu ilikuwa juu ya kichwa changu, imekaza, inaimba kidogo kwa upepo, na mmoja upande wa kulia ulikuwa umepinda. Ulinikera. Nikawa nawaza nitakavyoufumua na kuushona upya, na wakati nawaza hivyo nikajikuta natazama mto. Ulikuwa mpana na wa kahawia, na mitumbwi ilikuwa imesimama juu yake, au mimi niliona imesimama. Msitu haukuwa na mwisho upande wowote. Nilitafuta mistari ya vita, kule tulikoambiwa mwisho wa hawa na mwanzo wa wale. Hapakuwa na kitu, ni miti tu. Nililia nikiwa na miwani ya upepo machoni, na machozi hayakuwa na pa kwenda.

Karibu na kijiji alipunguza injini na kupita upande wa mto, mbali na nyumba, ili watuone kutoka ubavuni. Niliwaona watu wakianza kukimbia kuelekea migomba. Niliinua mkono, kitu pekee kilichokuwa huru, nikapunga. Nilipunga kama mwendawazimu. Tulizunguka tena, chini zaidi. Mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani alisimama, akageuka, akanyoosha kidole. Wengine wakasimama nyuma yake. Mara ya tatu tulitua kwenye uwanja wa mpira wa shule, tukaruka tuta moja, tukasimama. Mume wangu alizima injini. Watu walikuwa pembeni, nusu ndani ya migomba, na hakuna aliyesogea.

Aliyesogea ni mama. Alitoka na fimbo yake, goti lile bado zito, akavuka uwanja mzima peke yake akitazama majani mbele ya miguu. Tulishuka, tukapiga magoti. Hakutusalimu. Alizunguka ndege, akagonga matairi kwa fimbo, akainama kutazama chini ya viti, akapapasa mahali ambapo mtu angeweza kuweka kitu. Kwetu kwenda kwa mama mikono mitupu ni aibu, na mume wangu alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Muliniletea nini?"

"Hatukuleta kitu, mama," mume wangu akamjibu. "Hii haibebe kitu."

"Hata bunduki?"

"Hata chumvi, mama."

Akamgusa mwanawe begani kwa fimbo. Kisha akanishika mkono, akamwambia awashe tena, anataka kuisikia akiwa amesimama. Mume wangu alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Injini ilipowaka, mama alinibana vidole mpaka vikafa ganzi, na magoti yake yakaanza kukunjika. Nilidhani atalala pale uwanjani. Sikumvuta. Nilisimama tu karibu naye, bega langu chini ya kwapa lake, mpaka magoti yakanyooka. Akampa mwanawe ishara kwa fimbo, aende.

Aliondoka peke yake, mwepesi, ndege ikaacha majani kabla ya goli la pili. Mama alitazama vumbi lake. Kisha alitazama vilele vya migomba, na hapo akasimama kwa muda, kama mtu aliyefika kwenye mlango wa nyumba aliyofukuzwa. Nikaona kidevu kinapanda, kidogo kidogo, ngozi ya shingo ikinyooka, mpaka uso wote ukawa juu na jua likawa ndani ya macho yake. Hakufumba. Mwanawe alizunguka juu ya mto, akarudi, akapita juu ya nyumba ya mamaye, akazunguka tena. Watu wakawa wanatoka kwenye migomba mmoja mmoja na kusimama karibu nasi, wote wamenyoosha shingo. Nilitamani kumpigia kelele kule juu kwamba anatazama, anatazama, lakini asingenisikia, na nadhani alikuwa anaona.

Alizunguka muda mrefu kuliko nusu saa yake. Nikamwambia mama akae kidogo, goti litamsumbua.

"Goti si kitu," akasema. "Shingo njo itaniuma kesho."

Na hakuteremsha uso.